Toyota 110 inashika breki mara ya pili tu. Pedi ni mpya, hewa imetolewa mara mbili, shida bado

#1 BabaTatu_Nakuru
Habari wadau. Niko na Toyota 110 (Corolla) ya 1998, otomatiki, huu ni mwaka wa sita nayo. Tangu mwezi jana nikikanyaga breki mara ya kwanza pedali inaenda chini sana, inabaki kama vidole viwili ifike kwa kapeti, gari inashika lakini kwa kusitasita. Nikiachilia nikanyage tena haraka, hiyo ya pili inashika juu na inashika vizuri kabisa. Fundi mmoja hapa Nakuru alisema ni pedi, nikanunua za mbele, akafunga akatoa hewa kwa paipu za breki. Siku tatu ikawa sawa, ya nne ikarudi. Akatoa hewa tena, akaniambia hiyo imeisha. Jumamosi iliyopita nimebeba familia twende mazishi Ahero, ile kuteremka kutoka Kericho kwa majani chai nilikuwa napampu kila kona, kuna mahali lori iko mbele yangu nikakanyaga mara tatu ndio gari ikatii, watoto wamelala hapo nyuma hawajui lolote. Tangu hiyo siku sijalala vizuri. Mafuta ya breki hayapungui, naangalia kila asubuhi. Hakuna taa imewaka kwa dashibodi. Sasa fundi anasema ni masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, nimpelekee Jumamosi. Kabla nitoe pesa tena, nyinyi mnaonaje?

#2 Omera_Kondele
Pole sana kwa hiyo safari. Hiyo ni masta, usizunguke. Raba za ndani zimekwisha, mafuta yanapita kando badala ya kusukumwa. Toyota yangu ya 100 ilinifanyia hivyo hivyo, nikaweka masta ya ex-Japan (iliyotumika Japani), mpaka leo iko poa.

#3 Timboroa_Baridi
Mimi ningeanza na busta, kile kinachosaidia mguu kusukuma breki. Busta inafanya kazi na tofauti ya hewa ya nje na ile vakyumu ya injini, na sisi huku juu Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, hewa ni nyepesi, busta inasaidia kidogo kuliko ukiwa Kisumu. Ukiwa na busta iliyochoka huku unaihisi kabla ya mtu wa chini kuihisi. Kericho pia iko juu.

#4 SpanaKumi
Timboroa hapo kwa hewa umesema ukweli lakini dalili sio hizo. Busta ikikufa pedali inakuwa NGUMU na inabaki juu, unasukuma kama unasukuma ukuta. Ya huyu inaenda chini. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa na watu wengi wanazichanganya.

Kupima busta: zima injini, kanyaga kama mara tano mpaka pedali iwe ngumu, sasa ishikilie hivyo hivyo uwashe injini. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta iko sawa. Isiposhuka, angalia ule mpira unatoka kwa injini kuingia kwa busta na ile valvu yake kabla hujanunua busta nzima.

Sasa @BabaTatu, pedali ya kwanza ikiwa chini na ya pili juu, mimi kitu cha kwanza naangalia ni nyuma. 110 ni diski mbele na dramu nyuma. Shuu za nyuma (zile zinabana dramu kwa ndani) zikiisha na ajasta, kile kinachozisogeza karibu na dramu, isisongeze, zinakaa mbali na dramu, kwa hivyo mafuta ya kanyago la kwanza yanaisha kwa kusogeza shuu tu, kanyago la pili ndio linabana. Fundi wako amewahi kufungua nyuma?

#5 BabaTatu_Nakuru
@SpanaKumi hapana, nyuma hajafungua. Alisema nyuma hazilikagi haraka. Busta nimepima sasa hivi nje ya nyumba, inashuka kidogo nikiwasha.

#6 SpanaKumi
Basi busta iko sawa. Fanya hii nyingine, haikugharimu kitu. Gari ikiwa imesimama mahali pa flati, weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu, kanyaga breki usikie pedali inaenda wapi. Halafu vuta handibreki kliki nne au tano, kanyaga tena. Handibreki inasukuma shuu za nyuma karibu na dramu. Pedali ikipanda juu saa hiyo, umbali uko nyuma. Ikibaki chini vile vile, tafuta kwingine.

#7 Nyaboke_Kisii_Road
Haya ndio mambo mafundi wetu hawafanyi. Anasikia "breki" anakimbilia pedi kwa sababu pedi ni rahisi, gurudumu unatoa, bolti mbili, umemaliza, mtu anaona kitu kipya kimewekwa.

#8 Omera_Kondele
Sikatai ajasta lakini kuna kitu amesema: alitoa hewa ikawa sawa siku tatu. Ajasta haiponi kwa kutoa hewa. Masta ndio inadanganya hivyo.

#9 Wa_Mbale_Vihiga
Mimi niongeze ya tatu, beringi. Msicheke. Niko na Nissan B15, kila nikipita barabara mbovu ya kwetu pedali ya kwanza inaenda chini, lami ikiwa safi iko sawa. Nimebadilisha pedi, nimebadilisha masta, nimebadilisha mpaka paipu za raba. Mwishowe mzee mmoja akajeki mbele akashika tairi juu na chini akaitikisa, ikacheza. Beringi ikiwa na mchezo, diski inayumba na inazisukuma pedi nyuma ndani ya kalipa (ile inazibana kwa diski), kwa hivyo ukikanyaga unaanza na nafasi imeachwa. Beringi moja. Pesa yote ya masta ilienda bure.

#10 Mama_Boutique_Naka
@Wa_Mbale mbona hiyo sijawahi sikia? Na kelele ya beringi hukuisikia?

#11 Wa_Mbale_Vihiga
Kelele ilikuja mwisho kabisa. Mchezo ulitangulia.

#12 Kijana_wa_Webuye
Mimi naona mafuta yenyewe. Watu husahau mafuta ya breki yanazeeka hata kama hayapungui, yananyonya unyevu kutoka kwa hewa. DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, ikishanyonya maji inachemka 140. Ukiteremka mteremko mrefu kama huo wa Kericho huku umekanyaga, kalipa inapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwa laini na mvuke unafinyika, mafuta hayafinyiki. Pedali inaenda mpaka chini. Ikipoa inarudi kama hakuna kitu kilitokea. Kwa hiyo weka DOT 5, namba ikiwa kubwa ndio bora.

#13 SpanaKumi
Mpaka kwa namba ulikuwa unaenda vizuri sana @Kijana. Usiweke DOT 5 kwa hiyo gari. DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4 ambayo iko ndani. DOT 4 unaweza kuongeza kwa mfumo wa DOT 3 bila shida, inachemka 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya maji. 5.1 ni kitu kingine, hiyo iko familia moja na 3 na 4, lakini 5 peke yake hapana. Mtu akisoma hii haraka aende dukani aitishe DOT 5 atajiletea shida, ndio maana narudia.

#14 Kijana_wa_Webuye
Asante kwa kunirekebisha, hiyo ya silikoni sikuwa najua. Basi DOT 4.

#15 Teacher_Bungoma
Kuhusu mafuta, acheni niwaambie kitu kilinipata ili kisimpate mwingine. Mwaka juzi nilienda service mahali fulani, kijana akaona mafuta kwa chupa ya breki yameshuka akajazia na mafuta ya pawa stiaringi. Hakuniambia. Wiki mbili baadaye breki za mbele zikaanza kubana zenyewe, gari haiachi, rimu moto. Nikafungua kifuniko cha ile chupa, ile raba nyeusi iko ndani ya kifuniko ilikuwa imevimba na kujikunja kama sikio la uyoga, nikijaribu kuirudisha kwa mahali pake inakataa, imekuwa kubwa kuliko kifuniko chenyewe. Hayo mafuta ya madini yanavimbisha raba zote za breki. Nilibadilisha raba za masta, kalipa, silinda za nyuma na paipu zote za raba, mfumo ukaoshwa. Tangu hapo gari ikienda service nasimama hapo hapo nikiangalia chupa inachukuliwa gani. @BabaTatu tafadhali fungua kifuniko uangalie hiyo raba kabla ya kitu kingine chochote.

#16 BabaTatu_Nakuru
@Teacher nimefungua na tochi ya simu. Raba iko flati, inarudi kwa nafasi yake bila shida. Lakini mafuta ni meusi kama kahawa ya turungi, nimechovya kidole na kuna kitu kama mchanga laini chini ya chupa.

#17 Teacher_Bungoma
Afadhali raba ni nzima. Lakini kama ametoa hewa mara mbili mafuta bado ni meusi hivyo, alitoa hewa na mafuta kidogo sana. Mafuta mapya hayana hiyo rangi.

#18 Wuod_Nyando
Mimi naishi chini ya huo mteremko, naona magari yakifika Ahero yananuka. Nyinyi wa otomatiki mnateremka na D mguu uko kwa breki kutoka juu mpaka chini. Weka 2, zima ile O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), injini ishikilie gari, breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi iachiliwe ipoe. Mguu usikae juu ya pedali. Hata breki mpya haiwezi hiyo kazi ya kubanwa nusu saa.

#19 Timboroa_Baridi
Kuna moto wa aina mbili lakini. Mafuta yakichemka pedali inaenda chini. Pedi zikishika moto zenyewe, pedali inabaki juu na ngumu lakini gari haipunguzi. Nilipata hiyo ya pili nikiteremka Sachangwan na pedi za bei ya chini, nilisimama na miguu yote miwili hivi. Nilipozifungua zilikuwa zinang'aa kama kioo.

#20 Nyaboke_Kisii_Road
Hapo kwa pedi za bei ya chini tuongee. Na hata pedi nzuri zikiwa mpya zinahitaji kuzoezwa na diski, unakimbia kama 60 unapunguza mpaka polepole bila kusimama, mara kumi hivi, unaziacha zipoe. Fundi gani hapa anakuambia hiyo? Unapewa gari unaingia barabara kuu.

#21 Mama_Boutique_Naka
Kwa hivyo ikiwa hizi zote zinaweza kuwa, mtu asiye fundi kama mimi nijue aje? Ajasta, masta, beringi, mafuta. Nne tayari.

#22 SpanaKumi
Ndio maana nikasema vipimo kwanza @Mama. @BabaTatu ile ya handibreki umefanya?

#23 BabaTatu_Nakuru
Nimefanya asubuhi kabla ya kazi. Bila handibreki: chini, kama kawaida. Na handibreki kliki nne: pedali imepanda juu mara ya kwanza, bila kupampu. Nimerudia mara tatu, ni hivyo hivyo.

#24 SpanaKumi
Sawa. Nyuma basi. Fungua dramu.

#25 Omera_Kondele
Ngoja kwanza. @BabaTatu washa injini, kanyaga polepole, sio kwa nguvu, ushikilie hapo dakika moja mzima. Pedali inasimama ama inazama?

#26 BabaTatu_Nakuru
@Omera inazama. Polepole sana, kama upana wa kidole kimoja kwa hiyo dakika. Nikikanyaga kwa nguvu haizami.

#27 Omera_Kondele
Si niliwaambia. Chupa haipungui, chini ya gari hakuna tone, na pedali inazama. Hayo mafuta yanapita ndani ya masta. Namba 2 nilisema.

#28 Wa_Mbale_Vihiga
Omera ulisema ni masta PEKE YAKE. Handibreki imesema kitu kingine.

#29 SpanaKumi
Wote wawili wanaweza kuwa na haki. Na kuna kitu naomba mfikirie. Gari ya miaka yote hiyo, pistoni ya masta inatembea sehemu ile ile fupi kila siku. Huko mbele ambako haifikangi kunakaa kutu na uchafu. Sasa fundi anakuja kutoa hewa anamwambia kijana "kanyaga mpaka chini, shikilia", raba zinapitishwa juu ya hiyo kutu zinakatika midomo. Kwa hiyo inawezekana masta ilikuwa nzima mwezi jana na imeharibika kwa kutolewa hewa, mara mbili. Mimi nikitoa hewa kwa gari kuukuu naweka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho.

#30 Nyaboke_Kisii_Road
Hiyo ya mbao nimeichukua. Na anaanza gurudumu gani? Niliambiwa unaanza na la mbali na masta, yaani nyuma kushoto.

#31 Kijana_wa_Webuye
Hata mimi nilifunzwa hivyo.

#32 SpanaKumi
Kwa gari nyingi ndio. Lakini Corolla za kuvuta mbele laini zinapita kwa msalaba, mbele kulia na nyuma kushoto ni laini moja, mbele kushoto na nyuma kulia nyingine, ndio ukipoteza moja ubaki na mbele moja na nyuma moja. Kuna mafundi wanamaliza msalaba mmoja kwanza. Kitabu cha gari kikisema, fuata kitabu.

#33 Hilux_ya_Kitale
Mimi yangu ni pikapu. Niliinua nyuma kwa springi ndio ibebe mahindi, breki za nyuma zikawa kama hazipo. Kumbe kuna valvu kwa shasi na kifimbo kimeshika akseli, gari ikiwa na mzigo inakaa chini, kifimbo kinaambia valvu itume breki zaidi nyuma. Ukiinua bodi valvu inafikiri gari iko tupu. @BabaTatu uliinua gari?

#34 BabaTatu_Nakuru
Niliweka speisa mbele na nyuma kwa sababu ya matuta.

#35 SpanaKumi
Kwa 110 saluni hakuna hicho kifimbo, valvu yake haijui urefu wa gari. Kwa pikapu kweli, hiyo ni shida ya kila siku. Ila speisa zikifungwa, angalia paipu za raba za breki hazijavutika ukikata kona mpaka mwisho.

#36 Mwalimu_wa_Driving_Ksm
Nimesoma yote kimya. Swali moja: @BabaTatu unatumia handibreki ukipaki?

#37 BabaTatu_Nakuru
Hapana mwalimu, naweka P tu. Mlimani naweka jiwe.

#38 Mwalimu_wa_Driving_Ksm
Nilijua. Handibreki Kenya inavutwa siku ya mtihani, baada ya hapo ni jiwe mpaka gari inauzwa. Na fundi wangu aliwahi kunionyesha dramu ikiwa wazi, akasogeza ile lever ya handibreki ndani kwa kidole, na ile star (gia ndogo yenye meno) ya ajasta ikageuka mbele ya macho yangu. Usipoivuta, haigeuki.

#39 Wa_Mbale_Vihiga
Ajasta si inajisongeza ukikanyaga breki?

#40 Mwalimu_wa_Driving_Ksm
Mimi nasema nilichokiona.

#41 BabaTatu_Nakuru
Wadau nimechukua ruhusa nusu siku, nimempata fundi mwingine, jirani, tumefungua dramu zote mbili. Kushoto: ajasta imekufa kwa kutu, star haigeuki hata na bisibisi, na kwa ukingo wa dramu kumeota mdomo wa chuma, ilibidi tugonge ndio itoke. Shuu ziko na nyama bado lakini zilikuwa mbali. Kulia: ajasta inageuka vizuri. Lakini tulipoinua ile raba ya vumbi ya silinda ndogo ya nyuma inayosukuma shuu, chini yake kuna unyevu. Haudondoki. Ukiweka kidole kinatoka kikiwa cheusi na chenye mafuta.

#42 Omera_Kondele
Haya.

#43 SpanaKumi
Unyevu mwembamba wengine wanausamehe, ukikuta mafuta yamekusanyika hapo silinda imekwisha. Kidole kikitoka na mafuta kabisa mimi sisamehi, na nabadilisha mbili pamoja, kulia na kushoto, la sivyo nyuma itashika upande mmoja. Ajasta ya kushoto itolewe, isafishwe, ipakwe grisi ya joto kidogo kwa nyuzi. Na mwambie jirani asipulize hilo vumbi na kompresa. Nyama nyingi za shuu za zamani zilikuwa na asbestosi, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Mwagia maji na sabuni.

#44 BabaTatu_Nakuru
Eish, alishapuliza upande wa kushoto. Kulia ataosha.

#45 Timboroa_Baridi
Kwa hiyo masta abadilishe ama asibadilishe?

#46 Omera_Kondele
Abadilishe. Pedali inayozama haiponi.

#47 SpanaKumi
Arekebishe nyuma kwanza, amwage mafuta yote meusi aweke mapya, halafu apime ile dakika moja tena. Silinda ya nyuma ikivuja ndani ya raba pia inaweza kuzamisha pedali kidogo. Ikizama bado, masta, na iwe mpya, sio ex-Japan ambayo imekaa kavu kwa rafu miaka.

#48 Omera_Kondele
Ex-Japan yangu ina mwaka wa nne.

#49 Nyaboke_Kisii_Road
Chochote mtakachoamua asiendeshe hiyo gari. Mimi napita Londiani Junction kila mwezi, tangu hiyo Juni 2023 lori ilipowavamia watu zaidi ya 50 wakatutoka pale kwa steji, siwezi kupapita nikiwa na wasiwasi na breki. Gari ibaki nyumbani.

#50 BabaTatu_Nakuru
Imebaki @Nyaboke, iko juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yako varanda. Njoro naenda na matatu mpaka iishe. Spea za nyuma nanunua kesho, na DOT 4 chupa mbili.

#51 Wa_Mbale_Vihiga
Na mbele mlijeki mkatikisa tairi?

#52 BabaTatu_Nakuru
Hatukugusa mbele. Kesho asubuhi kabla niende dukani nitajeki.